Freddie Mercury wa jukwaani na Farrokh Bulsara wa nyumbani: nani alimficha mwenzake?

#1 MwanaForodhani
Wakuu, salaam. Kila ikifika Septemba 5 ubishi unarudi uleule: kwamba Freddie Mercury "aliikana Zanzibar". Naleta hoja nyingine, tuipime kwa vielelezo. Mimi nasema hakuikana Zanzibar peke yake. Alificha karibu kila kisichohusu jukwaa: kwao, dini ya wazazi wake, aliowapenda, ugonjwa wake, hata nani analala nyumba moja naye. Zanzibar imeingia tu kwenye fungu hilo.

Kwa wasiomjua: ni mwimbaji wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza. Jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, mtoto wa Mji Mkongwe, Septemba 5, 1946. Baba yake Bomi alikuwa keshia wa Mahakama Kuu chini ya serikali ya kikoloni, mama yake ni Jer, na dada yake Kashmira alizaliwa 1952. Waparsi wenye asili ya Gujarat, dini yao ya Zoroasta. Familia ikaondoka 1964 baada ya Mapinduzi, ikafikia Feltham, pembezoni mwa London. Yeye alikuwa na miaka 17.

Miaka tisa baadaye albamu ya kwanza ya Queen inatoka, na huyo kijana hayupo tena. Yupo Freddie Mercury, suruali za satini na rangi nyeusi kwenye kucha. Swali langu: kwa nini ukuta ule ulijengwa, na kwa nini haukubomolewa hata alipokuwa tajiri asiyemhitaji mtu?

#2 Kipepeo_Tanga
Naweka kiti. Uzi wa maana huu, wenye nondo washushe.

#3 Msomi wa Kariakoo
Mkuu #1, tazama kalenda, jibu limo humo.

Machi 1968 Bunge la Uingereza linapitisha sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya wenye pasipoti za Kiingereza wasimiminike kule. Aprili 20 mwaka huohuo mwanasiasa Enoch Powell anatoa ile hotuba yake ya Birmingham ya kuwapinga wahamiaji. Agosti 1972 Idi Amin anawapa Waasia wa Uganda siku 90, na wapatao 27,000 wanaingia Uingereza. Magazeti ya London miezi hiyo yote yanaandika "Waasia wa Afrika Mashariki" kama tatizo la taifa. Halafu Julai 1973, hata mwaka haujatimia, albamu ya kwanza ya Queen inaingia dukani.

Sasa jiweke kwenye ofisi ya kampuni ya rekodi. Una mwimbaji wa roki. Familia yake ni Waasia waliotoka Afrika Mashariki na pasipoti za Kiingereza, yaani walewale wanaopigiwa kelele. Utaliweka hilo kwenye karatasi ya kumtangaza? Roki ya Uingereza wakati ule ilikuwa na Waasia wangapi mbele ya maikrofoni? Jina lilibadilishwa karibu 1970, katikati kabisa ya tufani hiyo. Kuona haya ya kwao hakukuhusika. Ni kijana aliyesoma hali ya hewa.

#4 BintiMalindi
Ahsante #3, kalenda yako naikubali, ila kuna kitu mnakiruka wote wawili. Mnazungumza kana kwamba alikulia Zanzibar mpaka 1964. Sivyo. Alipelekwa India akiwa na miaka minane hivi, shule ya bweni ya St Peter's, Panchgani, milimani kusini mashariki ya Bombay. Likizo nyingi akikaa na ndugu zake Bombay, kwa kuwa meli ya kuja Unguja na kurudi ilimaliza siku zote za mapumziko. Akarudi Zanzibar 1963. Hesabuni wenyewe: utoto mpaka miaka minane, kisha mwaka mmoja na kidogo.

Na hilo jina "Freddie" halikutoka London. Ni la Panchgani, wanafunzi wenzake walimwita hivyo. Kule ndiko alikojifunza piano, na 1958 wakaunda bendi ya shule, The Hectics, yeye kwenye piano. Kwa hiyo mtu wa pili alikwisha kuzaliwa kabla Uingereza haijamgusa. Ubaguzi wa London ulikuta kazi imeshaanza.

#5 Mzee wa Santuri
BintiMalindi umenitangulia. Naongeza kuhusu "Mercury". Brian May, mpiga gitaa wa Queen, amewahi kueleza kwamba lilitokana na wimbo wa Freddie mwenyewe, "My Fairy King", uliomo kwenye albamu ya 1973, ambamo mwimbaji anamlilia mama aitwaye Mercury. Wapo wanaosema ni ile sayari, kwa sababu mtu huyu alipenda mambo ya nyota. Ushahidi wa hilo ni nembo ya Queen, aliyoichora yeye mwenyewe: simba wawili kwa nyota ya wenzake wa bendi John Deacon na Roger Taylor, kaa kwa nyota ya Brian May, vibinti wawili wenye mbawa kwa ajili ya nyota yake mwenyewe, Mashuke, na juu yao ndege wa moto.

Nembo hii mnaichukulia kama pambo, lakini mtu huyu alisomea kazi hiyo. Alipata diploma ya usanifu wa michoro Ealing mwaka 1969. Alijua kutengeneza chapa kabla ya kuwa na bidhaa. Alipojibadilisha jina alikuwa kazini.

#6 Kamba Nne
Hapo kwenye chapa ndipo penyewe, #5. Chukua kile kijiti cha maikrofoni. Kila bendi ilikuwa na stendi nzima yenye kitako kizito. Zamani, kabla ya Queen kujulikana, stendi ilimkatikia katikati ya onyesho, akaendelea na nusu ya juu. Baadaye akaagiza iwe hivyo daima.

Faida zake kiufundi: hakuna kitako cha kumkwaza akikimbia, mkono mmoja unatosha, na anaweza kusogeza kichwa cha maikrofoni mbali na mdomo kwa kuzungusha kifundo tu anapofika noti kubwa, sauti isipasuke. Ukishika maikrofoni tupu kwa kiganja, wengi huziba kichwa chake kwa vidole na sauti inakuwa ya pangoni. Kwenye kijiti huwezi kukosea hivyo. Juu ya hapo kinageuka gitaa, upanga, bakora. Kifaa kimoja, kazi tano. Aliyeona ajali ile na kuifanya alama yake alikuwa anafikiri sana.

#7 Simba wa Yuda Mwanza
Tusisahau kipaji wakuu. Jamaa alikuwa na oktava nne, meno yale ya ziada ndiyo yaliyompa nafasi mdomoni. Mengine mbwembwe.

#8 Fundi Koo
#7, hapo pana mawili ya kunyoosha.

Moja, oktava nne. Mwaka 2016 watafiti wa sauti wakiongozwa na Christian Herbst walichapisha uchambuzi wa rekodi zake. Walichoweza kukithibitisha ni kuanzia F-kali ya chini mpaka G ya juu, nusutoni 37, yaani oktava tatu na nusutoni moja. Oktava nne hawakuiona. Na sauti yake ya kuongea kwenye mahojiano ilikuwa wastani wa takriban hezi 117, ambayo ni ya baritoni. Kwa lugha ya kwaya zetu: mtu wa kati ya sauti ya tatu na ya nne, ila maisha yake yote akaimba juu ya sauti ya tatu na kuvuka. Hiyo nayo ni sura ya hadharani isiyolingana na ya ndani, na hii alikuwa nayo kooni.

Waligundua pia mtetemo wake unakwenda mara 7 hivi kwa sekunde, kasi kuliko ya waimbaji wa opera. Na ile sauti ya kukwaruza: walimpata mwimbaji mwingine wa roki aige, wakapiga picha za koo zaidi ya 4,000 kwa sekunde, wakaona mikunjo ya juu, ambayo mtu wa kawaida haitumii akiongea, inatetemeka pamoja na nyuzi za sauti zenyewe.

Pili, meno. Alikuwa na meno manne ya ziada nyuma, yakasukuma ya mbele nje. Hakuyang'oa kwa hofu kwamba sauti itabadilika. Hofu ilikuwa yake, lakini sauti inatengenezwa kwenye koo na kuumbwa na umbo la koromeo na ulimi. Meno ya nyuma hayakuongezi oktava. Yalichomwongezea ni soni: tazama mahojiano yoyote, akicheka anavuta mdomo wa juu au anaziba kwa mkono. Jukwaani mbele ya watu elfu 70 haziba kitu.

#9 Kipepeo_Tanga
Kwa hiyo #8 unasema mshangao wa sauti yake ni wa studio tu? Maana nimesoma watu wakilalamika kuwa "live" alikuwa anashusha noti.

#10 Fundi Koo
Sisemi hivyo, dada. Alishusha, na sababu inajulikana. Tangu katikati ya miaka ya 70 alikuwa na vinundu kwenye nyuzi za sauti. Nyuzi mbili zikigongana kwa nguvu kila usiku, pale zinapogongana zaidi panakuwa sugu. Sugu hiyo haiziachi zifungane, hewa inavuja, na kinachopotea kwanza ni noti za juu zilizo laini. Za juu zenye nguvu zinabaki, lakini kwa gharama. Dawa ni kupumzisha sauti, maji, kubadili namna ya kuimba, au upasuaji. Upasuaji aliukataa: ukiacha kovu, sauti haishikani tena. Na alivuta sigara, jambo ambalo halikusaidia.

Sasa weka ratiba ya ziara juu ya hapo. Ndiyo maana kwenye maonyesho anapita chini ya melodi ya rekodi, na zile za juu kabisa anazichukua Roger Taylor akiwa kwenye ngoma. Ni usimamizi wa mali.

#11 Mzee wa Santuri
Na studio nako msidhani ni ujanja mtupu. Sehemu ya opera ya "Bohemian Rhapsody", 1975: mashine ya traki 24. Waimbaji watatu tu, Freddie katikati, May chini, Taylor juu kabisa. Deacon hakuimba. Wanarekodi sauti, traki zikijaa wanazichanganya zote kwenye traki chache, wanafuta za mwanzo, wanaanza upya. Kila mchanganyo unaongeza mvumo wa tepu na kula sehemu ya juu ya sauti, kwa hiyo lazima ukadirie mapema usirudie mno. Kazi ya wiki tatu kwa kipande hicho kimoja. May anasimulia kuwa tepu ilipita kwenye vichwa vya mashine mara nyingi hata ikawa inapitisha mwanga.

Jukwaani isingewezekana kwa watu watatu, basi hawakudanganya: walitoka jukwaani, tepu ikapigwa na taa, wakarudi kwa kipande cha gitaa. Kwenye tamasha la hisani la Live Aid, Julai 13, 1985, walikwepa kabisa: walipiga mwanzo wa piano, kabla ya opera wakahamia "Radio Ga Ga".

#12 MwanaForodhani
Nondo nzito, shukrani. Lakini #11 umegusa wimbo wenyewe. Wapo wanaodai ni ungamo: kijana amemuua mtu, anamuaga mama yake, na ndani yake kuna "Bismillah" ambayo mtoto wa Unguja hawezi kuikosa. Mwenyewe hakuwahi kuufafanua.

#13 Msomi wa Kariakoo
Mimi naupokea huo kama ungamo. Ulitungwa wakati bado anaishi na mpenzi wake Mary Austin, na 1976 ndipo alipomweleza kuhusu mapenzi yake na wanaume. Anayeuawa ndani ya wimbo ni yule mwanamume wa zamani.

#14 Kamba Nne
Na mimi naukataa. Mswada wake ulionekana 2023 kwenye mnada wa Sotheby's, kurasa zilizoandikwa kwa mkono: alianza na neno "Mongolian" mahali pa "Bohemian", akalikata. Anayeandika ungamo la moyo hapapasi kati ya Wamongolia na Wabohemia. Huyu ni fundi anatafuta mlio. "Bismillah" na "Galileo" zimewekwa kwa sababu zinajaza mdomo na kujibizana. Naheshimu hoja yako #13, ila wimbo huo unabeba tafsiri nyingi kwa sababu umetengenezwa ubebe.

#15 Msomi wa Kariakoo
Kukata neno moja kwenye kichwa cha wimbo hakufuti kilichomo mwilini mwake, ndugu. Tubaki hapo.

#16 Mama Zuhura
Naomba turudi nyumbani kwake maana ndiko swali liliko. Garden Lodge, Logan Place, Kensington, aliinunua 1980. Ukuta mrefu barabarani, bustani ndani. Waliokuwemo miaka ya mwisho: Jim Hutton, Mwairishi, kinyozi wa hoteli ya Savoy, mpenzi wake tangu 1985, Joe Fanelli, mpishi, Peter Freestone, msaidizi, aliyetoka idara ya mavazi ya Royal Opera House. Mary Austin akija na kutoka kama mtu wa nyumba. Na paka: Delilah, Goliath, Miko, Romeo, Lily, Oscar. Akiwa safarini miaka ya nyuma alikuwa anapiga simu nyumbani ili aongee na paka. Albamu yake ya peke yake ya 1985 ameitoa kwa heshima ya paka aliokuwa nao wakati ule.

Hutton kwa wageni alitambulishwa kama mtunza bustani. Na kweli akawa anatunza bustani. Wazazi wa Freddie wakija kutoka Feltham hadi Kensington wanamkuta mtunza bustani. Hilo ndilo jibu langu kwa #1: ukuta haukuwa kwa ajili ya magazeti. Ulikuwa kwa ajili ya Bomi na Jer, Wazoroasta wenye adabu zao, ambao aliwapenda na hakutaka wasimame mbele ya jamaa zao Waparsi kujibu maswali.

#17 Simba wa Yuda Mwanza
Filamu ya 2018 kuhusu maisha yake, "Bohemian Rhapsody", inaonyesha Hutton alikuwa mhudumu kwenye sherehe na kwamba Freddie aliwaambia bendi ana UKIMWI kabla ya Live Aid. Hilo ndilo lililompa nguvu siku ile.

#18 Mama Zuhura
Hapana mwanangu, filamu imepanga upya mambo ili machozi yatoke pale inapotaka. Hutton alikutana naye kilabuni. Majibu ya ugonjwa aliyapata 1987, miaka miwili baada ya Live Aid. Na bendi haikuwa imevunjika: albamu ya "The Works" ilitoka 1984 na Mei 1985 walikuwa wanamaliza ziara Japani. Tena filamu inamfanya yeye msaliti kwa kutoa albamu ya peke yake, wakati Roger Taylor alishatoa zake mbili kabla yake.

Siku ile nguvu ilitoka kwenye mazoezi. Walikodi ukumbi wa Shaw Theatre, wakapanga nyimbo kwa saa ya mkononi, zikaenea kwenye dakika 21. Wenzao wengi walikuja kupiga walichozoea.

#19 Kamba Nne
Na wapo mafundi wanaodai mtu wa sauti wa Queen aliondoa vizuizi vya kipaza sauti vilivyowekwa kwa wote, wakasikika juu kuliko wengine. Wengine wanakanusha. Nasikiliza rekodi kila mara, na nionavyo mimi tofauti kubwa ni mwimbaji kujua kamera iko wapi.

#20 Nyota ya Kampala
Habari zenu wadau. Nimesoma yote. Mnazungumza kuhusu siri kana kwamba haikuwa na uzito kwa wengine. Majibu 1987, tamko kwamba ana UKIMWI Novemba 23, 1991, kifo jioni ya Novemba 24, miaka 45. Saa zipatazo 24 tu kati ya tamko na kifo. Huku kwetu mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya alirudi kutoka Sweden, 1989 akasimama mbele ya Waganda akasema ana UKIMWI, akazunguka shuleni na makanisani huku anadhoofika, akafariki Desemba mwaka huohuo. Hakuwa na Garden Lodge wala mawakili. Marekani, mchezaji wa mpira wa kikapu Magic Johnson alitangaza VVU Novemba 7, 1991, siku 17 kabla ya kifo cha Freddie. Mwimbaji anayesikilizwa na dunia nzima angesema 1987, vijana wangapi wangepima?

#21 Mzee wa Santuri
Kaka wa Kampala, heshima zangu kwa Lutaaya. Ila weka na Franco Luambo kwenye mizani. 1987 alitoa wimbo mrefu wa kuonya watu juu ya UKIMWI, akafariki Oktoba 1989 huku uvumi umejaa Kinshasa, na hakuwahi kuthibitisha. Mtu anaweza kuhubiri na bado akafunga mlango wake. Sio Freddie pekee.

#22 Nyota ya Kampala
Franco angalau alihubiri.

#23 Mama Zuhura
Nyote mna haki ya kuuliza. Naomba tu muone alichokuwa analinda. Mwaka huohuo wa 1987 Paul Prenter, aliyekuwa meneja wake binafsi kwa karibu miaka tisa, aliuza habari zake za ndani kwa gazeti la The Sun: wapenzi, waliokufa, usiku wake. Mtu ametoka kupata majibu ya hospitali, na aliyekula naye anamuuza. Baada ya hapo duara likawa dogo.

Na ndani ya duara hilo kulikuwa na kazi. Aliwekewa mrija kwenye mshipa mkubwa wa kifuani ili dawa zipite bila kumdunga kila mara. Mrija wa namna ile unataka mikono safi, kusafishwa mara kwa mara, na jicho kali kwa dalili ya usaha, kwa sababu uambukizo hapo unakwenda moja kwa moja kwenye damu. Freestone na Fanelli walifundishwa kufanya hivyo nyumbani. Dawa ya wakati ule ilikuwa AZT, ambayo peke yake virusi vinaizoea. Mseto wa dawa tatu ulikuja 1996. Mpishi na mtunza nguo wakageuka wauguzi na hakuna aliyetoa neno nje. Huo uaminifu nao uandikwe.

#24 Kipepeo_Tanga
Video za mwisho zinaniuma sana. "I'm Going Slightly Mad" ya Februari 1991 watu wanaona kichekesho: uso mweupe, wigi, glavu, suti. Vyote vina kazi. Rangi nzito inafunika uso, glavu zinafunika mikono, na chini ya suti alivaa nguo za ziada kuongeza unene. Ya mwisho, "These Are the Days of Our Lives", Mei 1991, ikatolewa nyeusi na nyeupe, maana rangi ingemuumbua. Anasimama karibu mahali pamoja. Mtu aliyezoea kukimbia jukwaa zima.

#25 Fundi Koo
Na sauti bado ipo, dada, ndiyo maajabu. "Mother Love", Montreux, Mei 1991: anaimba mstari kwa mstari, anasimama, anarudia. Ubeti wa mwisho hakuumaliza, aliuimba May baadaye. Sikilizeni noti za katikati ya wimbo, kisha ubeti wa mwisho. Aliyewahi kuimba kwaya atasikia mara moja kifua kimebadilika.

#26 Msomi wa Kariakoo
Nimrudie Mama Zuhura #16. Kama ukuta ulikuwa kwa ajili ya wazazi tu, mbona Zanzibar nayo ilikuwa nyuma yake? Wazazi wasingeona haya kwa mwanao kutaja alikozaliwa. Alipotaja asili alijiita Mwajemi, jambo ambalo ni kweli kwa Mparsi kwa mababu wa zaidi ya miaka elfu, na linasikika vizuri zaidi London kuliko "Mwasia wa Afrika Mashariki". Nashikilia kalenda yangu.

#27 BintiMalindi
Na mie nashikilia yangu. Kuna maelezo ya tatu ambayo hamuyataki: 1964. Familia iliondoka na masanduku machache. Waliopitia miezi ile, wa upande wowote, wengi hawasimulii mpaka leo, hata kwa watoto wao. Mbona kwake kimya hicho kihesabiwe kuwa ni mkakati wa biashara?

Na kuna kitu alichokibakiza. Alikuwa akikusanya stempu tangu mtoto, na albamu hiyo ipo, inamilikiwa na makumbusho ya posta London. Stempu za Zanzibar zimo.

#28 Simba wa Yuda Mwanza
Kama alikuwa na Afrika moyoni, kwa nini Sun City, Afrika Kusini, Oktoba 1984? Dunia imesusia makaburu, wao wanakwenda kupiga Bophuthatswana.

#29 Mzee wa Santuri
Hilo halina utetezi #28. Walisema wao hawana siasa na wanapiga kwa watu wote. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na jina lao likaingia kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa. Tena sauti ilimkatika hukohuko, baadhi ya maonyesho yakafutwa. Vinundu vya #10 hivyo. Lakini uamuzi ule ulikuwa wa watu wanne, tusimtwishe mmoja.

#30 Kipepeo_Tanga
Na yale madai ya 2025 ya binti wa siri na madaftari yake ya kumbukumbu?

#31 Mama Zuhura
Mary Austin alisema hakuwahi kujua mtoto wala madaftari. Tuyaache mpaka pawe na ushahidi unaosimama. Mary huyohuyo ndiye aliyepewa majivu yake ayahifadhi mahali pa siri, na mpaka leo hajasema ni wapi. Mazishi yaliendeshwa na makasisi wa Kizoroasta, West London Crematorium, Novemba 27, 1991. Kwa mtu mliyesema aliwakimbia kwao, hilo nalo lipimeni: wosia alimwachia Mary nyumba, Hutton, Fanelli na Freestone pauni 500,000 kila mmoja, na ibada akawaachia wazazi.

#32 MwanaForodhani
Wapo watu wanauliza inbox kuhusu nyumba ya Unguja. Ile ya Kenyatta Road, Shangani, ndiyo yenye makumbusho tangu Novemba 24, 2019. Waongoza wageni watawaonyesha na nyingine, kila mmoja na yake.

#33 BintiMalindi
Na wasidhani mji mzima unamshangilia. Mwaka 2006 palipangwa sherehe ya miaka 60 tangu azaliwe, kundi la Kiislamu la Uamsho wakapinga kwa sababu ya maisha yake. Sheria ya 2004 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja ilikuwa bado mbichi. Picha yake inauza fulana barabarani na jina lake halisemwi barazani. Kwa hiyo swali la #1 ligeuzeni pia: nani amemkana nani?

#34 Msomi wa Kariakoo
Hilo, dada, linastahili uzi wake. Feltham waliweka kibao cha kumbukumbu kwenye nyumba ya familia Septemba 2016, na mama yake alifariki mwaka huohuo. Anayejua zaidi kuhusu Waparsi waliobaki Unguja baada ya 1964 na hekalu lao la moto lililobaki gofu, atusaidie hapa, kwa sababu bila hao hatutajua kijana huyu alitoka kwenye nini.